Shangazi, tuifilisi kampuni aliyotuachia baba?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyegezi hapa Mwanza. Jumatatu ijayo baba mdogo anataka twende kwa wakili nikatie saini maombi ya kuifilisi kampuni ya familia yetu. Tangu aliponiambia silali vizuri.

Marehemu baba alianza na mtumbwi mmoja kule Ukerewe. Baadaye alihamia Kirumba, akawa ananunua dagaa pale Mwaloni na kuwauzia Wakongo na wafanyabiashara wa Rwanda na Burundi. Mwaka 2008 biashara ilipokua akaiandikisha kuwa kampuni yenye hisa 100. Yeye alichukua 40, kaka yangu 30, mimi 15 na mdogo wetu wa mwisho 15. Alisema kaka anapata zaidi kwa sababu ndiye aliyeacha shule ili amsaidie majini. Hatukunung'unika. Wakurugenzi tulikuwa watatu: baba, kaka na mimi. Mimi ndiye niliyetunza vitabu vya hesabu, na pesa benki haikutoka bila sahihi za wawili kati yetu. Kila Desemba baba alituita nyumbani Bwiru, anatusomea mapato na matumizi, kisha anatugawia kila mtu kulingana na hisa zake. Hakuna aliyeiita gawio. Tulisema tu "pesa ya Desemba".

Baba alifariki 2021. Mirathi haijafunguliwa mpaka leo, kwa sababu kila tukikaa kikao kaka anasema hakuna haraka. Desemba ile hatukuitwa. Nilipouliza, niliambiwa msimu ulikuwa mbaya, mvua zimeharibu dagaa kwenye vichanja. Nikakubali. Mwaka uliofuata nilikwenda ofisini nikakuta wifi amekaa kwenye meza yangu na vitabu vya hesabu vipo mbele yake. Benki nako sahihi yangu imeondolewa. Kaka akasema kilifanyika kikao nikaondolewa ukurugenzi. Sikuitwa kwenye kikao hicho, wala sijaona muhtasari wake.

Tangu hapo sijapata hata shilingi. Kampuni ilikuwa na malori mawili. Sasa kuna la tatu, lakini kadi yake ina jina la kaka mwenyewe. Linabeba dagaa wa kampuni, na kampuni inamlipa nauli. Hayo nimeambiwa na dereva aliyekuwa wa baba.

Kaka anasema kampuni ni ya mwenye hisa nyingi, na kwamba yeye kama mtoto wa kwanza wa kiume hisa za baba ni zake, kwa hiyo ana 70. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kwamba atanipa milioni 12 nimwachie hisa zangu, la sivyo nisubiri mpaka nizeeke. Kwenye msiba wa ndugu yetu mmoja wifi alinitolea maneno mbele ya watu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi na kaka hatusalimiani.

Baba mdogo anasema dawa ni moja: twende Mahakama Kuu, kampuni ivunjwe, malori na ghala la Nyakato viuzwe, kila mtu achukue chake. Wakili aliyempata anasema inawezekana. Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, anasema atafuata nitakachoamua. Mama hajaambiwa lolote. Yeye anaishi kwenye nyumba ileile ya Bwiru, ambayo hati yake baba aliiandika jina la kampuni ili, alivyosema, iwe salama. Upo pia mkopo wa benki wa mwaka 2019 uliowekewa ghala kuwa dhamana. Baba, kaka na mimi tulitia saini karatasi nyingi siku ile, na nakumbuka mojawapo ilikuwa ya udhamini wa kila mmoja binafsi. Mkopo haujaisha.

Shangazi, kampuni inayopata faida inaweza kweli kuvunjwa na mahakama kwa sababu ndugu wamegombana? Na ikivunjwa, nitapata changu?

Mtoto wa Pili, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na pole zaidi kwa yaliyofuata, maana kufiwa na baba halafu ukafungiwa mlango wa kazi aliyokufundisha mwenyewe ni misiba miwili.

Jumatatu usitie saini. Sikukatazi kwenda mahakamani. Sababu unazo, tena nzito kuliko unavyodhani, na nitakueleza kwa nini. Nakuzuia kwa ajili ya nyumba ya Bwiru.

Hati ikiwa na jina la kampuni, nyumba ile haikuwa ya baba yako, haitakuwa ya mama yako kwa njia ya mirathi, na si ya kaka yako pia. Ni ya kampuni. Mahakama ikitoa amri ya ufilisi, mamlaka ya wakurugenzi yanakwisha na mali yote inakuwa chini ya mfilisi. Kazi ya mfilisi ni kukusanya kila kilicho cha kampuni, kukiuza, kulipa madeni, na kinachobaki kuwagawia wanahisa. Hana ruhusa ya kuiruka nyumba kwa kuwa anaishi mjane ndani yake. Baba mdogo amekuhesabia malori na ghala. Nyumba ameiacha nje ya hesabu, na sidhani kama ni kwa ubaya, wengi hawajui. Lakini wewe ndiye utakayekwenda kumweleza mama.

Kisha tazama foleni ya malipo. Gharama za ufilisi wenyewe hutoka mapema. Kodi za serikali na mishahara ya wafanyakazi hupewa kipaumbele. Benki inashika ghala lake kwa mujibu wa rehani. Wanafuata wadai wengine: wenye mitumbwi waliokopesha mzigo, fundi wa malori, mwenye kuuza mafuta. Wanahisa ndio wa mwisho kabisa. Na mali inayouzwa kwa shinikizo, mji mzima ukijua kwamba inauzwa, haipati bei yake. Ikiwa ghala likauzwa na deni la benki likabaki, ile karatasi ya udhamini uliyosaini 2019 itaamka. Kuvunjwa kwa kampuni hakumwondolei mdhamini deni. Benki inaweza kukufuata wewe mpaka Nyegezi.

Tena kuna jambo la biashara yenyewe, ambalo wewe uliyetunza hesabu unalijua kuliko mimi. Maombi ya ufilisi hutangazwa. Siku tangazo likitoka, Mwaloni itajua. Mnunuzi wa Kongo hatalipa tena mzigo mapema kwa kampuni inayoweza kufungwa wiki ijayo, na mwenye mtumbwi hatakupa dagaa kwa mkopo wakati wa giza, ambapo ndipo wanapovuliwa kwa wingi. Benki nayo huwa nzito kutoa pesa kwenye akaunti, kwa kuwa amri ikishatoka, mali ya kampuni iliyohamishwa baada ya maombi kufunguliwa huhesabiwa imehamishwa bure, isipokuwa mahakama iridhie. Kampuni inaweza kufa kabla jaji hajasikiliza hata shahidi mmoja.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, kampuni yenye faida inaweza kuvunjwa na mahakama. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kifungu cha 279, inataja sababu kadhaa, na mojawapo haihusiani na madeni hata kidogo: Mahakama Kuu ikiona kwamba ni haki na ni sawa kampuni ifungwe. Maneno hayo tumeyarithi kutoka sheria ya Uingereza, na kesi zilizoyapa maana zinahusu watu kama ninyi, waliojenga kitu kwa kuaminiana.

Mwaka 1916 mahakama ya rufani kule Uingereza iliivunja kampuni ya tumbaku iitwayo Yenidje. Wenye kampuni walikuwa wawili wenye nguvu sawa, hawasemeshani, wanapelekeana ujumbe kupitia katibu. Faida ilikuwa inaingia vizuri tu. Mahakama ikasema faida haitoshi ikiwa wenye biashara hawawezi tena kukaa meza moja.

Mwaka 1972 likaja shauri la Ebrahimi, ambalo mawakili wa kampuni hulitaja mpaka leo. Wawili walifanya biashara ya mazulia London kwa ubia wa miaka mingi, wakaigeuza kuwa kampuni mwaka 1958. Mmoja akamwingiza mwanawe. Baba na mtoto wakawa na kura nyingi, wakamwondoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi. Kwa maandishi ya sheria kura walikuwa nazo. Lakini faida ya kampuni ile ilikuwa inalipwa kama malipo ya wakurugenzi, hivyo kumtoa ukurugenzini kulikuwa kumnyima chakula huku hisa zake zimefungiwa ndani, hawezi kumuuzia mtu. Jaji Wilberforce na wenzake wakasema kampuni ndogo iliyojengwa juu ya uhusiano wa watu haitazamwi kwa herufi za katiba yake peke yake. Yapo makubaliano na matarajio ya watu nyuma yake. Kampuni ikaamriwa kufungwa.

Unaona kwa nini nasema sababu unazo? Ninyi mlikuwa na kikao cha Desemba, sahihi mbili benki, na wewe kwenye vitabu. Hayo huenda hayamo kwenye katiba ya kampuni, lakini ndiyo yaliyokuwa makubaliano yenu, na yalitekelezwa kila mwaka baba akiwa hai.

Lakini lipo shauri jingine ninalotaka ulitie moyoni zaidi, la Barbados, lililoamuliwa London mwaka 1924: Loch dhidi ya John Blackwood. Hii nayo ilikuwa biashara ya familia baada ya mwenyewe kufariki. Aliyeshika usukani hakuitisha mikutano, hakutoa hesabu, hakupendekeza gawio, na mahakama ikaona kwamba wenye hisa chache walikuwa na haki ya kushuku anataka wachoke wamuuzie kwa bei ya kutupa. Zile milioni 12 zimenikumbusha shauri hili moja kwa moja. Na humo mahakama iliweka mpaka: kukosa imani kunakohesabika ni kule kunakotokana na jinsi mkurugenzi anavyoendesha mambo ya kampuni, si maisha yake binafsi. Kushindwa kura tu hakutoshi pia.

Kwa hiyo maneno ya wifi msibani yaache nje ya karatasi. Najua yanauma kuliko lile lori. Mahakamani lori ndilo lenye uzito: mkurugenzi anayeikodisha kampuni mali yake mwenyewe anatakiwa kutangaza maslahi yake, na nauli inayolipwa lazima iweze kuelezeka. Kikao kilichokuondoa bila taarifa ni kizito pia. Mkurugenzi haondolewi kimyakimya; sheria inataka taarifa maalumu kabla ya mkutano, na nafasi ya anayeondolewa kujieleza. Miaka bila hesabu ni nzito kuliko vyote.

Nije kwenye jambo ambalo katika barua yako limepita haraka, na kwangu ndilo kiini. Kaka yako hana hisa 70. Ana 30. Hisa 40 za mzee ni sehemu ya mirathi, na mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, hakuna anayeweza kuzipigia kura. Kuzaliwa wa kwanza hakumpi. Maana yake leo, hivi tunavyoandikiana, kura zilizo hai ni 30 za kaka, na 30 zenu wewe na mdogo wako. Mko sawasawa. Angalia tu kama katiba inampa mwenyekiti kura ya pili pale kura zinapolingana, na kama akidi ya mkutano, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili mkutano uwe halali, inatimia bila hisa za marehemu. "Hakuna haraka" ya kaka imemfaa yeye peke yake muda wote huu. Fungueni mirathi. Mama yako ni mjane, ana nafasi yake katika hisa zile, na huenda yeye ndiye atakayeamua uzito wa kampuni unaegemea wapi. Mkiorodhesha mali, andikeni hisa 40. Msiandike malori, ghala wala nyumba. Nimeona familia zikigombea kwenye mirathi vitu ambavyo havikuwa vya marehemu, mpaka nguvu zote zinaishia huko.

Mama aambiwe. Mnadhani mnamlinda, lakini mwenye nyumba ya kupoteza ndiye pekee asiyejua.

Sasa, unataka nini hasa? Nimeisoma barua yako mara mbili na sioni mahali unaposema unataka kampuni ife. Unataka hesabu, unataka haki ya jasho lako, na kama kukaa pamoja kumeshindikana unataka kutoka na thamani yako. Hilo lina mlango wake. Kifungu cha 233 cha sheria ileile kinamruhusu mwanahisa kwenda mahakamani akilalamika kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomwumiza isivyo haki. Mahakama hapo ina uwanja mpana: inaweza kuamuru mambo yaendeshwe vipi, inaweza kuruhusu kampuni idai pesa zake kutoka kwa aliyezichukua, na inaweza kuamuru wengine wanunue hisa zako kwa bei ya haki. Kampuni inabaki hai, dagaa wanaendelea kupakiwa, mama anabaki Bwiru.

Na kama kuna njia nyingine inayokufaa halafu wewe unang'ang'ania ufilisi bila sababu, mahakama inaweza kukukatalia. Ndiyo maana mawakili wazoefu huandika ombi la kununuliwa hisa mbele, na ufilisi wanauweka nyuma yake kama ombi mbadala. Mwambie wakili wako hivyo. Akikwambia ni ufilisi tu, tafuta mwingine. Mwanza ina Mahakama Kuu yake na hata masijala ya Divisheni ya Biashara, kwa hiyo mawakili wa kazi hii wapo, huhitaji kusafiri.

Kuhusu bei. Mwenye hisa nyingi hupenda kusema hisa 15 hazina nguvu ya kuamua chochote, kwa hiyo zikatwe thamani. Katika kampuni za aina yenu hoja hiyo kwa kawaida haikubaliwi. Mwaka 1999, katika shauri la O'Neill dhidi ya Phillips, Jaji Hoffmann alieleza ofa ya haki inafananaje: kwa kawaida mtu alipwe sehemu yake ya thamani ya kampuni nzima bila kukatwa kwa kuwa ni mchache, bei ipangwe na mtaalamu huru endapo hawakubaliani, na pande zote mbili zione vitabu vilevile. Shikilia hilo la vitabu. Milioni 12 inaweza kuwa ndogo sana, inaweza hata kuwa nyingi ukitoa deni la benki. Hujui, na mimi sijui, kwa sababu hakuna aliyeona hesabu. Ghala na nyumba vipimwe na mthamini aliyesajiliwa, biashara ipitiwe na mkaguzi wa hesabu asiye wa kaka wala wa baba mdogo. Kumbuka kuwa hisa zikihama TRA itataka kodi yake na ushuru wa stempu kabla BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, haijabadili majina, na makubaliano yaseme nani analipa. Yaseme pia kwamba kaka atahakikisha benki inakutoa kwenye udhamini kwa maandishi. Ukiuza hisa ukabaki mdhamini, umeuza haki ukabakiza mzigo.

Nimwangalie na kaka yako kidogo, maana nawe unampenda, la sivyo usingekosa usingizi. Aliacha shule. Tangu mzee afariki ndiye anayeamka alfajiri kupokea mzigo. Mshahara wa haki anastahili, na mahakama itauona. Mtu anayefanya kazi peke yake miaka kadhaa huanza kuona kila kitu ni chake, hata kama hakudhamiria kuiba. Lori lile huenda kichwani mwake ni malipo ya jasho ambalo hakuna aliyemlipa. Hilo linazungumzika mezani, lakini kwa takwimu, na kwa mtu wa katikati anayeheshimiwa na nyote wawili: kiongozi wenu wa dini, au mzee aliyefanya biashara na baba yenu. Baba mdogo asiwe huyo. Hana hisa hata moja, naye ameshachagua upande.

Nikupe na la Hong Kong, kwa sababu linafanana na lenu hata kwa harufu ya chakula. Mgahawa wa Yung Kee, maarufu kwa bata bukini wa kuchoma, ulianzishwa na mzee Kam mwaka 1942. Alipofariki, wanawe wawili wakagombea uongozi. Kaka mkubwa, ambaye hisa zake zilikuwa chache, akafungua shauri. Akafariki mwaka 2012 shauri likiendelea, mjane wake akalishika. Novemba 2015 mahakama ya juu kabisa ikaamuru kampuni mama ifilisiwe, lakini kwanza ikazipa pande zote siku 28 zijaribu kuelewana juu ya kuuziana hisa. Hata mahakama iliyokwisha kukubali kuvunja bado ilitamani mmoja anunue. Na ndugu wale hawakupata tena nafasi ya kusalimiana.

Kabla ya chochote, nenda BRELA uombe taarifa rasmi za kampuni. Nataka uone kwa macho yako hisa bado ziko vilevile, nani ameandikwa mkurugenzi, ni lini, na muhtasari gani uliwasilishwa kukuondoa. Kama kuna sahihi yako ambayo hukuitia, hilo ni jambo jingine kabisa na wakili alijue siku hiyohiyo. Chukua na nakala ya katiba ya kampuni. Pitia pia masijala ya ardhi uhakikishe nyumba ya Bwiru haijawekwa rehani mpya bila ninyi kujua.

Halafu iandikie kampuni barua, si ujumbe wa simu. Wewe na mdogo wako mna hisa 30 kati ya 100, na sheria inawaruhusu wenye angalau sehemu moja ya kumi kudai mkutano mkuu. Andikeni ajenda: hesabu za tangu 2021, nauli ya lori, gawio, na uteuzi wa wakurugenzi. Wakurugenzi wasipouitisha ndani ya siku 21, mnaweza kuuitisha wenyewe. Barua iwe na adabu ya mtu anayemwandikia kaka yake, maana kama shauri litafika mbele, jaji ataisoma na ataona nani alijaribu. Akija na vitabu, mnazungumza bei. Asipokuja, ukimya wake ndio ushahidi wako wa kwanza chini ya kifungu cha 233.

Katika katiba tafuta kipengele kinachohusu kuuziana hisa. Kampuni nyingi za familia zinacho bila wenyewe kujua, kinachosema ndugu apewe nafasi ya kwanza kununua na bei ipangwe na nani. Ukikikuta, nipigie picha ukurasa huo unitumie pamoja na ile karatasi ya udhamini ya 2019, kabla hujarudi kwa wakili yeyote.